Kufundisha Wanafunzi Kutafuta na Kupima Habari za Mtandaoni: Mwongozo kwa Mwalimu wa Sekondari

Mwanafunzi wa kidato cha pili hapa Kigoma hahitaji kufundishwa kushika simu. Atakuungia bando na kukuonyesha video ya jana kabla hujamaliza kutafuta miwani yako. Mpe sasa swali la Historia alitafute mtandaoni. Ataliandika swali zima kama lilivyo ubaoni, atabonyeza jibu la kwanza, atanakili aya ya juu na kukuletea. Tukimwita mvivu tunamwonea. Hakuna aliyewahi kumkalisha chini akamwonyesha kazi hii inafanywaje.

Mwongozo huu ni wa shule ya kawaida: darasa la wanafunzi hamsini na kitu, kompyuta mbili tatu zinazowaka, mtandao wa kubahatisha, na simu za wanafunzi haziruhusiwi kuvuka geti. Vifaa ninavyotumia ni kishikwambi kile cha sensa, simu yangu, na projekta ya kuazima ofisi ya taaluma. Vinatosha. Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kwamba mwanafunzi ajifunze kuuacha ukurasa mapema na kwenda kuuliza habari zake kwingine.

Hatua ya kwanza: tafuta swali la hapa hapa

Usianze kwa kuandika ubaoni "maana ya chanzo cha habari". Utawapoteza ndani ya dakika kumi. Anza na swali ambalo jibu lake lipo lakini vyanzo vinagongana, na liwe jambo ambalo watoto wamelisikia nyumbani. Mtoto anayejua jambo kidogo ndiye anayethubutu kubishana na tovuti. Asiyejua kitu huamini chochote kilichopangwa vizuri.

Maswali ninayoyarudia ni haya:

- Kwa nini migebuka na dagaa wamepungua ziwani?
- Livingstone na Stanley walikutana wapi, na lini?
- Mkoa wa Kigoma una watu wangapi?
- Mawese yanadhuru moyo?

Mwalimu wa Tabora ana Mirambo, ana asali na tumbaku, ana reli. Hatakosa.

Swali lolote utakalochagua, litafute mwenyewe usiku uliotangulia kwa simu yako. Matokeo hubadilika kila baada ya muda, na mada iliyokuwa na ubishi mzuri mwaka jana inaweza kuwa imejaa matangazo mwaka huu. Andika pembeni kurasa nne au tano utakazopenda wazione, ikiwemo moja mbovu. Ukurasa mbovu ni zana muhimu kuliko mzuri, usiuogope.

Hatua ya pili: geuza swali kuwa maneno ya kutafutia

Chukua swali la samaki. Andika ubaoni namna wanavyolitafuta wenyewe: "kwa nini samaki wanapungua katika ziwa tanganyika na nini kifanyike ili kutatua tatizo hilo". Halafu waulize: mtu aliyeandika ukurasa wenye jibu hili, unadhani ametumia maneno gani?

Wape muda hapo, usiharakishe. Mwandishi wa habari ataandika "uvuvi haramu", "makokoro", "kupumzisha ziwa". Mtaalamu ataandika "mazao ya uvuvi", "joto la maji". Ofisi ya serikali itaandika "usimamizi wa rasilimali za uvuvi". Kila kundi la maneno linafungua mlango wake. Mwanafunzi akilielewa hilo, anaacha kuandika sentensi nzima na kuanza kuandika maneno manne au matano yenye uzito.

Kisha fanya jaribio la lugha, ambalo kwangu halijawahi kukosa kuamsha darasa. Tafuta kwanza kwa Kiswahili. Zitakuja habari: viongozi wametembelea mwalo, nyavu zimekamatwa, ziwa litafungwa. Tafuta tena kwa Kiingereza, "Lake Tanganyika fish decline warming". Sasa unaingia kwenye tafiti. Upo mmoja uliotoka katika jarida la Nature mwaka 2003 unaoeleza kwamba maji ya juu ya ziwa yamepata joto, kwa hiyo hayachanganyiki kama zamani na maji ya chini yenye virutubisho. Mwani unapungua, na samaki wanakosa chakula. Watafiti hao walikadiria kwamba uzalishaji wa ziwa ulikuwa umeshuka kwa takribani asilimia 20, na kwamba hilo linaweza kumaanisha samaki pungufu kwa asilimia 30 hivi. Darasa lililokuwa linalaumu makokoro peke yake linapata cha kufikiri. Wala makokoro hayajasafishwa kwa hilo. Sababu mbili zinaweza kuwa kweli kwa pamoja, nao watoto wa wavuvi huwa wepesi kuliona hilo.

Baada ya hapo ndipo uwape alama za kutafutia, si kabla. Tatu zinatosha kwa kipindi cha kwanza. Alama za nukuu huleta maneno yakiwa yamefuatana vilevile: "Ziwa Tanganyika". Alama ya kutoa, iliyobandikwa mwanzoni mwa neno bila nafasi, huondoa kisichotakiwa. Mtoto anayetafuta habari za mji wa Tabora akapata za shule anaweza kuongeza -shule. Na site:go.tz huleta tovuti za serikali ya Tanzania peke yake. Hii ya tatu huwashangaza sana, kwa sababu ghafla takataka zote zinaondoka na wanabaki na taarifa za wizara, takwimu na hotuba. Ukiongeza filetype:pdf, zinabaki ripoti tu.

Hatua ya tatu: soma orodha kabla ya kubonyeza

Waambie waweke mikono mapajani. Hakuna kubonyeza kwa dakika mbili nzima. Projekta ionyeshe orodha ya matokeo peke yake, na wao wakutajie wanachokiona: lipi ni tangazo la kulipiwa, lipi lina tarehe, lipi ni video, lipi limetoka wapi.

Hapo fundisha kusoma anwani. Wengi hutazama mwanzo wake, na matapeli wanalijua hilo. Tuseme anwani inasema necta.go.tz.jinafulani.com. Mtoto ataona NECTA na kufurahi. Mfundishe atafute mstari mlazo (/) wa kwanza baada ya jina la tovuti, au mwisho wa anwani kama mstari huo haupo, kisha asome kurudi nyuma kutoka hapo. Mwenye tovuti hiyo ni jinafulani.com, maneno "necta.go.tz" yamebandikwa mbele kama pambo. Tovuti halisi ya Baraza la Mitihani huishia na necta.go.tz. Msimu wa matokeo na wa uchaguzi wa kidato cha tano ndio wakati mzuri wa somo hili, kwa kuwa linki za uongo huzagaa kwenye magrupu ya wazazi, nyingine zikidai namba ya simu au "ada ndogo" ya kuona matokeo.

Miishio mingine ielezwe kwa kifupi. Tovuti za serikali huishia .go.tz, vyuo na taasisi za elimu ya juu .ac.tz, shule .sc.tz, makampuni .co.tz na mashirika .or.tz. Lakini wasije wakadhani mwisho mzuri ni muhuri wa ukweli. Tovuti ya shirika inaweza kuwa ya watu watatu wenye jambo la kuuza.

Hatua ya nne: toka nje ya ukurasa

Hapa ndipo kipindi kizima kinapogeuka, na hapa ndipo vitabu vingi vinapokwama. Mtindo wa zamani ni kumpa mwanafunzi orodha ya vigezo: je, ukurasa una jina la mwandishi? Una tarehe? Lugha yake ni sanifu? Una marejeo? Mtindo mmoja wa namna hiyo unaojulikana sana ulitungwa na mkutubi wa chuo kikuu huko California mwaka 2004. Kwa wakati wake ulisaidia. Leo mtu mwenye nia mbaya anaweza kuweka jina, tarehe, nembo na marejeo yote kwa mchana mmoja, na ukurasa wake ukapata alama zote. Mwanafunzi amekaa anaukagua kwa makini, na kadiri anavyoukagua ndivyo unavyozidi kumteka.

Watafiti wa Stanford, Sam Wineburg na Sarah McGrew, waliwapa kazi ya namna hii watu 45: wanahistoria 10 wenye shahada za uzamivu, wanafunzi 25 wa chuo hichohicho, na wahakiki 10 wanaoajiriwa na vyombo vya habari kuthibitisha habari. Matokeo yao ya mwaka 2017 yalionyesha kuwa wanahistoria na wanafunzi wengi walibaki ndani ya ukurasa, wakausoma kutoka juu hadi chini, wakadanganywa na nembo na majina mazuri. Wahakiki waliutupia jicho, wakafungua kurasa nyingine pembeni, wakauliza huyu ni nani na wengine wanasemaje juu yake. Walifika kwenye jibu sahihi kwa muda mfupi zaidi.

Mama anayenunua dagaa mwaloni Kibirizi anafanya hivyohivyo: hamuulizi muuzaji kama dagaa wake wana mchanga, anawauliza walionunua kwake wiki iliyopita.

Darasani tunafanya hivi. Nachukua ukurasa unaosifu mawese kwamba yanatibu moyo. Nawapa sekunde thelathini kuutazama, kisha naufunika. Kila kundi linaandika mambo mawili ya kwenda kuuliza nje: mwenye tovuti ni nani, na wengine wasiouza mawese wanasemaje. Tunatafuta jina la tovuti pamoja na neno "nani" au "kampuni", bila kuirudia tovuti yenyewe. Mara nyingi inaonekana kwamba mwandishi anauza mafuta hayo kwenye chupa. Halafu tunatafuta taasisi za afya zinasema nini. Tunakuta kwamba mawese hayana kolesteroli, jambo ambalo muuzaji amelisema kwa sauti kubwa, ila karibu nusu ya mafuta yake ni yale yaliyoshiba, na Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta hayo yasizidi asilimia 10 ya nishati ya chakula chote cha mtu. Muuzaji hakusema uongo. Amechagua nusu ya habari. Naomba mwalimu usipite haraka hapa. Wanafunzi wetu wameshazoea kuutafuta uongo, lakini ukweli uliokatwa katikati unawapita wote.

Tahadhari moja: watoto wa hapa wanakula mawese kila siku na baadhi ya wazazi wao wanayakamua. Swali likigeuka kuwa hukumu juu ya chakula cha nyumbani, umepoteza somo. Liache liwe swali la nani amesema nini.

Hatua ya tano: fuata habari hadi ilikotoka

Kwa hatua hii sina mfano mzuri kuliko Ujiji. Wengine kati ya wanafunzi wangu hupita karibu na ule mnara wakienda sokoni.

Anza kwa kuwauliza kwa mdomo: Livingstone na Stanley walikutana lini? Atakayejibu atasema 10 Novemba 1871, kwa kuwa ndivyo kibao cha mnara kilivyoandikwa na ndivyo tovuti nyingi zinavyosema. Watume watafute zaidi. Baada ya muda kundi moja litakuja na tarehe ya mwishoni mwa Oktoba 1871. Kelele zitaanza. Usiziamue. Waulize kila tarehe imetoka kwa nani.

Wakifuata uzi huo watakuta kwamba tarehe ya Novemba inatokana na Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald aliyetumwa kumtafuta Livingstone, na ile ya Oktoba inatokana na shajara ya Livingstone. Livingstone alikuwa ameumwa kwa muda mrefu akiwa mbali na watu wenye kalenda, na hesabu yake ya siku ilikuwa imepotea. Stanley naye ana kasoro yake: kurasa za shajara yake zilizohusu mkutano huo zilichanwa, na ile salamu maarufu aliyodai kuitoa, "Dr. Livingstone, I presume?", imewatia shaka baadhi ya wanahistoria. Kwa hiyo tuna mashahidi wawili. Mmoja hajui leo ni siku gani, mwingine amechana karatasi. Kidato cha tatu wanalielewa hilo bila shida yoyote.

Bado kuna Burundi. Kundi lingine litaleta picha ya jiwe kubwa la Mugere, kusini mwa Bujumbura, lenye majina ya wazungu hao wawili, na maelezo kwamba hapo ndipo walipokutana. Kabla wenyeji wa Ujiji hawajapandwa na hasira, waambie wasome kilichochongwa: tarehe ni 25 Novemba 1871, yaani wiki mbili baada ya ile ya Stanley. Walikuwa wamekwishakutana na walikuwa wakizunguka upande wa kaskazini wa ziwa kwa mtumbwi. Mugere walilala tu. Kurasa zinazosema walikutana huko zimenakiliana. Waonyeshe jambo hilo kwa macho: chukua sentensi moja kutoka kwenye ukurasa mmoja, iweke ndani ya alama za nukuu, tafuta. Zikitokea tovuti kadhaa zenye sentensi ileile neno kwa neno, hao wote ni shahidi mmoja. Nimeona wanafunzi wakilipokea hili kama ufunuo, maana walizoea kuhesabu: tovuti tano zimesema, basi ni kweli.

Hatua ya sita: tarehe na picha

Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa shughuli za uvuvi upande wetu kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Tangazo lile bado linatembea. Linaibuka kwenye grupu la WhatsApp bila mwaka, watu wanashtuka, bei inapanda midomoni kabla haijapanda sokoni. Ni skrinshoti halali ya habari halali iliyokwisha muda wake, na aina hii ndiyo inayowapiga watu wazima zaidi.

Kwa hiyo kila kundi, kabla ya kuandika jibu, liandike tarehe mbili: siku habari ilipotolewa, na kipindi inachokizungumzia. Takwimu zina mtego huohuo. Tafuta idadi ya watu wa Mkoa wa Kigoma na utakuta kurasa zinazosema 2,127,930 na nyingine 2,470,967. Ya kwanza ni ya sensa ya 2012, ya pili ya 2022. Zote ni sahihi kwa mwaka wake. Ofisi ya Taifa ya Takwimu, nbs.go.tz, ndio waliohesabu, na huko ndiko pa kumalizia safari.

Picha zinahitaji kitendo kimoja tu: ibonyeze kwa muda, chagua kuitafuta kwa Google Lens, au ipakie kwenye TinEye. Utaona ilipowahi kutokea zamani. Picha ya meli inayozama iliyodaiwa kuwa ya ziwani kwetu huwa imetoka bahari nyingine kabisa. Wanaotaka kuona kazi hii ikifanywa kwa Kiswahili wawafuate JamiiCheck na NuktaFakti. Wanaeleza walivyofika kwenye jibu, na hilo ndilo la kujifunza. Watajie pia wanafunzi kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa kusambaza habari za uongo, ingawa kwa uzoefu wangu aibu ya kuumbuliwa kwenye grupu la ukoo inawatisha zaidi.

Kuhusu Wikipedia na akili mnemba

Kuwakataza Wikipedia ni kupoteza pumzi. Waruhusu waitumie kuanzia, kwa sharti kwamba wateremke hadi kwenye marejeo chini na wafungue angalau moja. Ya Kiswahili ina makala fupi nyingi, basi walinganishe na ya Kiingereza.

Majibu ya akili mnemba, yakiwemo yale yanayotokea juu kabisa ya orodha ya Google, yanasomeka vizuri mno, na hapo ndipo tatizo lilipo. Kanuni yangu ni fupi: jibu la akili mnemba halihesabiwi kuwa chanzo. Mwanafunzi anaweza kulichukua akatafute ushahidi wake, na asipoupata aliandike kuwa hakuupata. Iulize akili mnemba darasani tarehe ya mkutano wa Ujiji ukiwa umewashirikisha hatua ya tano, watalisahihisha wao.

Kazi ya daftari na namna ya kusahihisha

Kila kundi liwe na watu watano au sita. Mmoja anashika kifaa, mmoja anaandika, mmoja ni mpinzani ambaye kazi yake ni kusema "umejuaje?" kila baada ya jibu. Wabadilishane kila kipindi, la sivyo kifaa kitabaki mkononi mwa mvulana yuleyule muhula mzima na wasichana wataandika tu.

Daftari lina mistari minne kwa kila swali: maneno tuliyotafutia, kurasa tulizofungua na wamiliki wake, tulikokwenda kuuliza habari za kurasa hizo, na jibu letu likiwa na kiasi cha uhakika tulicho nacho. Nikisahihisha kwa alama 20, jibu lenyewe linapata 5. Zilizobaki ni za njia. Kundi lililoandika "hatukuweza kuthibitisha" na kuonyesha lilipopita linaweza kupata alama 14, na lililopata jibu sahihi kwa kunakili likapata 6. Mara ya kwanza watalalamika, na baadhi ya wazazi pia. Waeleze mapema.

Mtandao ukigoma, somo liendelee. Hifadhi kurasa kwenye kishikwambi mkiwa na mtandao, au zichapishe: orodha moja ya matokeo, kurasa nne juu ya swali moja, na maelezo mafupi ya nani anamiliki kila moja, yakiwa kwenye bahasha tofauti ambayo kundi linaifungua pale tu linapoomba kutoka nje ya ukurasa. Zoezi la karatasi lina faida moja ambayo projekta haina, kwamba unawaona kwa macho makundi yanayoandika jibu kabla ya kuomba bahasha. Andika juu ya kila karatasi tarehe uliyoihifadhi, kwa sababu mpinzani wa kundi atakuuliza.